Maboksi ya Daktari Graham

Nilitoka zamu ya usiku nikiwa na macho mazito, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyaraka. Nikaambiwa niache koti, begi na hata kalamu yangu ya wino kabatini, maana mle ndani wanaruhusu penseli tu. Dada aliyekuwa mezani akanichongea ya kwake, akanisogezea boksi la kijivu, na kunionyesha kwa vidole viwili namna ya kufunua karatasi bila kuikunja.

Hiyo ilikuwa Februari 2011, St. Louis, katika maktaba ya tiba iitwayo Becker, ya Chuo Kikuu cha Washington. (Chuo kiko Missouri. Ndugu zangu nyumbani mpaka leo wanaamini naishi jirani na rais wa Marekani, nami nimechoka kuwasahihisha.) Nilikuwa nasomea tiba ya upumuaji mchana na kufanya kazi hospitali usiku. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu aandike kurasa chache kuhusu mtu mmoja katika historia ya magonjwa ya kifua. Wenzangu walimaliza kazi hiyo kwenye simu wakiwa ndani ya basi. Mimi nilimchagua Evarts Graham, daktari wa upasuaji wa kifua, kwa sababu ya uvivu wa aina nyingine: kila siku nilipita mbele ya Barnes, hospitali aliyofanyia upasuaji, na makaratasi yake yalikuwa papo hapo jirani.

Boksi lilikuwa la barua, zile alizopokea pamoja na nakala za kaboni za majibu yake. Karatasi zenyewe ni nyembamba kiasi kwamba ukiinua moja unakiona kidole chako upande wa pili. Mashine ya taipu ilizipiga kwa nguvu mpaka kila herufi “o” ikawa kitundu. Nilikuwa nikiinua karatasi kwenye taa, zile “o” zinawaka kama nyota. Dakika kumi nzima zilipotea hapo, mwanafunzi mzima nachezea vitundu.

Jina la Graham lilikuzwa na siku moja, tarehe 5 Aprili 1933. Alimpasua daktari mwenzake, James Gilmore wa Pittsburgh, mwenye miaka 48. Nia ilikuwa kutoa sehemu tu ya pafu la kushoto. Alipofungua akakuta uvimbe umekaa pabaya. Akaubana mshipa unaopeleka damu kwenye pafu, akasubiri aone kama moyo utagoma. Haukugoma. Basi akaliondoa pafu zima kwa mara moja, kisha akatoa mbavu saba ili ukuta wa kifua ulale uzibe pengo. Kabla ya hapo hakuna aliyeondolewa pafu zima lenye saratani kwa upasuaji mmoja namna hiyo akapona.

Graham mwenyewe alikuwa mvutaji. Kuhusu sigara kuleta saratani, mzee aliwahi kutia mzaha: kweli sigara na saratani ya mapafu vimepanda pamoja, lakini hata mauzo ya soksi za nailoni nayo yamepanda. Hata hivyo kijana Ernst Wynder, mwanafunzi wa udaktari, alipomjia na wazo la kuhoji wagonjwa kuhusu sigara, akakubali kazi ifanyike, na hapo ndipo ninapomheshimu kuliko kwenye kisu chake. Mei 1950 wakachapisha habari za wagonjwa 684. Kati ya wanaume 605 wenye saratani hiyo, asilimia 96.5 walikuwa wavutaji wa miaka mingi, na si wa sigara mojamoja. Mwaka 1953 wakaja na majaribio ya panya: waliwapaka mgongoni lami iliyotokana na moshi wa sigara, na asilimia 44 wakaota saratani.

Kwenye hiyo lami ndipo nilipoweka penseli chini.

Baba yangu analima tumbaku Urambo. Msimu wa kuchuma, majani mabichi yanatoa gundi inayoganda vidoleni, kwanza ya njano, halafu nyeusi tii, na sabuni haiwezi kitu. Tulikuwa tukiisugua kwa mchanga. Ukila tonge la ugali na mikono ile, uchungu unakaa ulimini mpaka kesho yake. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, na nauli ya kuja Marekani pia.

Barua ya Februari 1957 nilikuwa nimeshaisoma ikiwa imechapishwa. Graham anamwandikia Alton Ochsner, daktari wa kifua wa New Orleans aliyeipigia sigara kelele tangu zamani. Anamwambia saratani imeshika mapafu yake yote mawili, imemnyemelea kama mwizi usiku. Aliacha kuvuta zaidi ya miaka mitano nyuma, ila alikuwa amevuta hamsini. Mimi ni Mkristo wa Moravian, huyo mwizi wa usiku wa kwenye Biblia namfahamu tangu misiba ya utotoni. Daktari alikufa tarehe 4 Machi. Gilmore, na pafu lake moja, aliishi mpaka 1963.

Saa sita mchana nilitoka nje kwenye theluji nikampigia baba. Kwake ilikuwa saa tatu usiku.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Sema haraka, niko banini, nachochea moto.”

Nikasikia kuni zikilia ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku. Nikamsimulia habari za yule daktari, panya na lami yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Huyo daktari,” akasema, “alikuwa anavuta tumbaku ya wapi?”

“Ya hukuhuku Marekani, nadhani.”

“Ahaa.” Akanyamaza kidogo. “Kuni zimebaki za siku mbili, na bani limejaa. Utaweza kutuma kitu kabla ya Ijumaa?”

Nikamwambia nitatuma.