Sanduku la mjomba

Mwaka 2003 nimemaliza mitihani ya kidato cha nne nikapanda meli Mwanza mpaka Nansio, naenda kukaa kwa babu Ukerewe kusubiri matokeo. Umeme kijijini hamna, kazi yangu ilikuwa kuanika dagaa asubuhi na kufukuza kunguru, basi. Siku ya tatu nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda, la mjomba, alikuwa mwalimu akahamishwa akaliacha. Vitabu tupu! Vinanuka dagaa, kona zimeliwa na mende.

Cha juu kilikuwa Adili na Nduguze. Sasa mi Shaaban Robert nilikuwa namjua wa mtihani tu, taja dhamira, eleza wahusika, toa mifano mitatu. Siku ile nasoma bila kalamu mkononi, hakuna atakayeniuliza kitu, na wallahi niliona kama sijawahi kusoma kabla ya hapo. Kumbe kuna jini mle, kuna mji mzima watu wake wamegeuka mawe!

Usiku nikawa nasoma kwa sauti, kibatari kiko kwenye kinu kilichopinduliwa, babu anashona nyavu zake. Hasemi kitu. Nikafika pale Adili anapowachapa ndugu zake, hao wamegeuzwa nyani kwa sababu walitaka kumuua, na jini kamwamuru awachape kila usiku, anawachapa afu analia nao anawalisha. Sindano ya babu ikasimama kwenye tundu la wavu.

"Ngoja mjukuu wangu. Anapiga huku analia?"

"Ndiyo babu."

"Sasa hapo anayepigwa nani?"

Nilikaa kimya. Miaka minne ya sekondari hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama lile, na lile swali nimelala nalo, nimeanika nalo dagaa, mpaka leo sina jibu lake.

Kusadikika tulikimaliza haraka, babu alifurahi nchi kuwa angani, akawa anauliza maji wanachota wapi. Afu chini kabisa ya sanduku nikakuta Nagona cha Kezilahabi, cha 1990, kitabu chembamba hivi, nikajua usiku mmoja tu tumemaliza. Ukurasa wa kwanza sikuelewa. Wa pili pia. Mtu anasafiri, anatafuta kitu, hujui yuko duniani au ndotoni au kwenye kichwa chake mwenyewe, huna pa kushika. Nikakifunga nikasema babu hiki kigumu, tutafute kingine.

"Kaandika nani?"

Nikamtajia. Babu akaweka wavu chini. "Si ndo mtoto wa Namagondo huyo? Wa hapahapa kwetu?"

"Ndiyo, lakini sielewi babu."

"Mi nimevua ziwa hili tangu kijana, chini yake sijapaona. Soma."

Nikasoma. Ukurasa uleule mara tatu, yeye kafumba macho, mara anasema rudia hapo, narudia, na mara ya tatu kuna sentensi ikaniingia mwilini bila kupita kichwani, nywele za mikono zikasimama, maana yake bado siijui ila nilitaka iliyofuata. Kibatari kikaanza kufifia, utambi unanuka, mafuta yameisha. Nikasema basi babu tulale, kesho.

Babu akanyanyuka, akapapasa chupa mlangoni, akatoka gizani kwenda kwa jirani kuomba mafuta ya taa.