Jinsi nilivyopata rangi sahihi ndani ya chumba cha rubani cha Spitfire

Kwa majuma matatu chumba cha rubani cha modeli yangu ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kipimo cha 1:72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), kilionekana kama shimo jeusi kila nilipounganisha nusu mbili za kiwiliwili, ingawa rangi ya kijani-kijivu waliyoitumia Waingereza ilikuwa sahihi kabisa chupani. Nilibadilisha chapa ya rangi, kisha nikapaka upya mara mbili, bila mafanikio.

Kilichosaidia ni kuanza tena kwa rangi ya msingi ya kijivu hafifu badala ya nyeusi, kuongeza tone moja la nyeupe katika kila matone matano ya kijani-kijivu, na, hapa ndipo tofauti ilipopatikana, kuikagua rangi hiyo nusu zote mbili zikiwa zimeshikizwa kwa utepe, dirishani, mchana, wala si chini ya taa ya mezani. Kiti nilikipaka kahawia yenye wekundu, kwa kuwa viti vingi vya Spitfire vilikuwa vya plastiki ngumu isiyopakwa rangi (kijani kinachoonekana katika modeli nyingi hunikera kidogo). Egemeo lake la ngozi na dashibodi vikawa vyeusi. Nyuma ya kiti nilipaka rangi ya fedha.