Rosy, mwigizaji aliyefukuzwa kwao

Tarehe 10 Februari 2023 nilifungua Google kutafuta jambo la kazini, nikakuta mchoro wa mwanamke wa Kihindi. Nikabonyeza. Kazi ikalala siku ile.

Anaitwa P. K. Rosy, mwanamke wa kwanza kuigiza katika filamu ya Kimalayalam, lugha ya huko Kerala, jimbo la kusini mwa India. Alikuwa Mdaliti, watu wa tabaka la chini kabisa walioitwa "wasioguswa", na kazi yake ilikuwa kukata majani. Lakini sanaa alikuwa nayo, akicheza michezo ya jukwaani ya kienyeji. Mwongozaji wa filamu J. C. Daniel akampa nafasi katika filamu bubu Vigathakumaran, aigize Sarojini, mwanamke wa tabaka la juu la Wanair.

Hapo ndipo palipowaka moto. Filamu ilipoonyeshwa ukumbi wa sinema wa Capitol, mjini Thiruvananthapuram, Rosy mwenyewe hakuruhusiwa kuingia. Watu wa matabaka ya juu walipomwona kwenye pazia la sinema, na mwanamume akibusu ua lililo nywelani mwake, wakarusha mawe. Nyumba yake ikachomwa.

Akatoroka kwa lori kwenda jimbo jirani la Tamil Nadu. Aliolewa na dereva wa lori, akaishi kwa jina la Rajammal. Hakuigiza filamu tena.

Jamani, niliumia. Nilimpigia mama, naye ni mpenzi mkubwa wa filamu za Kihindi tangu ujana wake, nikamsimulia yote. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Filamu yake tunaweza kuiona?"

Nikamwambia hapana, mama. Nakala haikubaki hata moja.