Mwenye gunia anakuachaje kwenye mteremko?

Ukikaa Newala huu ubishi lazima utakukuta, maana mji wenyewe uko juu ya uwanda wa Makonde, ukienda pale Shimo la Mungu ukachungulia bonde la Ruvuma lilivyo chini huko ndo utaelewa kwa nini watu wa huku wana maoni kuhusu miteremko. Ubishi ni huu: baiskeli mbili zinaachiwa toka juu, hamna kukanyaga pedeli wala kushika breki, mmoja ana gunia la korosho kwenye keria mwingine hana kitu, nani anatangulia chini?

Mjomba wangu ni fundi baiskeli, yeye anasema mwenye gunia. "Mzigo ndo unavuta, mpwa." Waliopita darasa la fizikia wanamrukia, eti uzito haujalishi, vitu vyote vinaanguka sawa. Mi nasema mjomba kapatia jibu, ila sababu siyo hiyo anayoitoa.

Gunia kweli linavutwa zaidi, ila na lenyewe ni zito kusukumika kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo hapo ngoma droo. Chukua mteremko ambao kila mita 100 unashuka mita 6. Mtu na baiskeli kilo 90, ukitoa msuguano wa tairi na barabara anasukumwa na nguvu kama ya newton 46, kasi inapanda karibu nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Muongezee gunia la kilo 80 afike 170, nguvu inakuwa kama newton 87, gawanya kwa kilo zake unarudi kwenye nusu mita ileile! Ndo maana sekunde 5 za mwanzo mnaenda sambamba kabisa na bado mnapiga stori.

Sa hewa ndo inaharibu usawa. Hewa haiangalii kilo zako, inaangalia umejitandaza kiasi gani mbele na unaenda kasi gani, na kasi ikizidi mara mbili yenyewe inakukaba mara nne. Huyu wa kilo 90 akikaa wima, kwenye kilomita 20 kwa saa hewa inamrudisha kwa newton 11 hivi, hata haisikii. Kwenye 40 ni 44, na yeye anasukumwa kwa 46 tu, yani kabakiwa na newton 2 za kuongezea mwendo. Hapo shati linapiga kelele mgongoni, machozi yanatoka, unahisi unapaa kumbe kasi imeshagoma kupanda, mbele kidogo tu ya 40 ndo mwisho wako hata mteremko uwe mrefu vipi.

Mwenye gunia, kwa vile gunia limejificha nyuma ya mgongo wake, anakabwa na hewa ileile, newton 44, ila yeye anazo 87. Kwa hiyo bado anaongeza, anaongeza, mpaka kama 56 kwa saa. Kufika kilomita 36 kwa saa mtupu anatumia sekunde 31 hivi, mwenye gunia 23. Kusingekuwa na hewa wote wangetumia 20 tu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kule mwezini, vikatua pamoja, kwa sababu kule hakuna hewa ya kuuzuia unyoya.

Mtupu akitaka kupunguza aibu ainame kifua kiguse usukani, akipunguza theluthi moja ya anavyokabwa anaweza kufika 50. Bado hamfikii. Na kusi likivuma usoni ndo basi, upepo wa mita 3 kwa sekunde unamtoa kwenye 40 mpaka 30 bila hata kugusa breki.

Breki ndo sehemu mjomba hataki utani, na hapa namuunga mkono kabisa. Yule wa 56 na gunia lake amebeba nishati mara tatu na nusu ya yule wa 40, na yote inabidi iishie kwenye vipande vya raba vinavyosugua rimu. Kwa hiyo anayejua kazi anaanza kubana breki mapema, akiwa bado yuko kwenye kasi ndogo, hasubiri hewa imsaidie, maana msaada wa hewa kwa mwenye mzigo unachelewa sana.

Kinyume chake ni vijana wanaoshuka kufuata maji na madumu matupu yamening'inia pande zote mbili. Hawana uzito wa maana na wamejitanua kweli, hao wanashuka taratibu tu huku wameachia breki, shida yao inakuja wakati wa kupanda na madumu yamejaa, na huko hewa haihusiki hata kidogo.