Valvu za injini nyingine

Wiki ya tatu sasa hedi ya injini ya gari langu, ile sehemu ya juu yenye valvu, iko mezani. Valvu mbili za egzosi, zile za kutolea moshi, zimeungua, na za injini hii kiwandani waliacha kutengeneza zamani. Kila muuzaji ananiuliza namba ya injini, nikimtajia anacheka.

Mwishowe niliacha kutafuta kwa jina la gari, nikaanza kutafuta kwa vipimo. Nilipima kila kitu: unene wa shina 8 mm kwa maikromita, kipenyo cha kichwa, urefu wote, pembe ya siti (pale valvu inapokaa ikijifunga) digrii 45, na mfereji wa vile vifungo viwili vya juu vinavyoishikilia springi kwenye shina. Hapo ndipo nilipojikwaa! Nilipata valvu zinazoingia vizuri kabisa kwenye kibomba kinachoongoza shina (valvu guide), shina lilelile, kichwa kilekile, ila mifereji ni mitatu midogo na zangu zina mmoja. Vifungo vya zamani havikai. Ikabidi ninunue na vifungo vyake, halafu nihakikishe vinaingia kwenye kikombe cha springi.

Springi nazo zina ujanja wake. Kulingana urefu zikiwa huru hakutoshi. Zangu zikifungwa zina 40 mm, kamshafti, shafti inayofungua valvu, inasukuma 9, inabaki 31. Springi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa inagandamana kabisa, mizunguko yake ikigusana, kwenye 32. Ningeifunga, kamshafti ingekwisha siku hiyohiyo.

Kesho napaka rangi ya bluu kwenye ncha za valvu nione rokaa, mkono unaosukuma valvu, inagusa wapi, maana hizi mpya ni ndefu kidogo.