Paka ana sukari, mi nimekua nesi

Yani Pusi alikua anamaliza bakuli zima la maji, anakojoa kila saa, nikadhani ni joto tu la Kampala, kumbe sukari! Daktari wa mifugo akanipa insulini, dawa ya kushusha sukari, sindano mara 2 kwa siku, kila baada ya masaa 12, na lazima ale kwanza. Siku ya kwanza mkono ulitetemeka nikachoma manyoya, dawa yote ikamwagikia nje, na kurudia dozi hairuhusiwi ati. Sasa navuta ngozi ya mgongoni akiwa anakula mukene (dagaa) wake, wala hashtuki. Umeme ukikatika chupa ya dawa naitoa kwenye friji naihamishia kwenye flaski ya barafu, nimeizungushia kitambaa isigande. Asali haikosi, sukari ikishuka sana akalegea nampaka kwenye fizi halafu mbio kwa daktari. Jirani anacheka, eti paka anatibiwa kuliko mzee wa nyumba.