Mwalimu Aliyeacha Chaki

Basi la usiku kutoka Mombasa lilitufikisha Mlolongo alfajiri, likakwama hapo. Ilikuwa Februari 2022 na ile barabara ya juu ya kwenda Westlands ilikuwa bado inajengwa. Nguzo za zege zimesimama kama minazi iliyokatwa vichwa, vumbi tele, dereva anatafuta njia ambayo jana ilikuwa kwingine. Kipande hicho kilinichosha kuliko Voi na Mtito Andei pamoja.

Mjomba alikuwa akinisubiri mjini, kavaa koti na tai. Shikamoo, marahaba, kisha chai na mandazi ambayo mwenye hoteli aliyaita mahamri. Nilinyamaza, ugeni una adabu zake.

Tukapanda matatu ya Ruaka, kwa njia ya Limuru. Muziki ulikuwa mkubwa hata mjomba akalazimika kunisemea sikioni: "Yaani umetoka Mombasa usiku kucha kwenda kutazama picha dukani?"

Hakukosea sana. Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, imekaa ndani ya Rosslyn Riviera, pamoja na maduka. Maonyesho yake ya kwanza pale ilimpa Sane Wadu, mzee aliyezaliwa 1954 huko Nyathuna, Kiambu: kazi za karibu miaka 40, chini ya jina "I Hope So". Mlinzi alitupima joto, tukapandisha barakoa, tukaingia.

Hilo jina, Sane, kwa miaka nililisoma "sa-ne" nikidhani ni la Kikikuyu. Kumbe ni jibu. Wadu alikuwa mwalimu, na katikati ya miaka ya 80 aliiacha kazi ili achore tu. Watu wakasema amerukwa na akili. Naye akajiita Sane, kwa Kiingereza mtu mwenye akili timamu, akaendelea na rangi zake. Baadaye Gallery Watatu, iliyokuwa katikati ya mji na leo haipo, ikampokea. Na mwaka 1995 yeye na wenzake wakaunda chama cha wasanii kule Ngecha, juu ya njia hii hii ya Limuru.

Picha zenyewe, usizitazame kwenye simu. Simama ubavuni mwa turubai, jicho karibu na ukuta, uone rangi ya mafuta ilivyolundikwa: ina matuta, ina mabonde, pengine imekwanguliwa hadi chini. Kwa mbali ni kundi la watu waliobanana. Ukisogea, uso unayeyuka na kubaki mkwaruzo mmoja wa njano. Nilirudi nyuma, nikasogea tena, mara tatu nne, mpaka kijana mmoja akanipisha kwa huruma. Maelezo ya ukutani niliyaacha. Yalikuwa marefu, na miguu ilikuwa bado imevimba kwa basi.

Mjomba naye aliyasoma yote, neno kwa neno, mikono nyuma kama anakagua madaftari. Amefundisha Kiambu miaka thelathini.

"Aliacha darasa mwenyewe? Hakufukuzwa?"

"Mwenyewe, mjomba."

"Na mshahara?"

"Na mshahara."

Akanyamaza. Akaenda kusimama mbele ya picha moja muda mrefu, miwani juu ya paji la uso, nami nikamwacha.

Alifungua mdomo tena tukiwa kwenye matatu ya kurudi mjini. Kioo cha dirisha kilikuwa na vumbi. Akaweka kidole juu kushoto, akateremka, akauzungusha uvimbe wa magharibi, akashuka mpaka ncha ya kusini, akapanda na pwani yetu hadi pembe ya Somalia, hakuinua kidole hata mara moja.

"Afrika," akasema. "Ubaoni nilikuwa naichora hivi, bila kitabu. Watoto walikuwa wanapiga makofi."

Kondakta akamgusa bega, nauli. Mjomba akalipa, akakiangalia kioo tena, akaongeza kidoa pembeni.

"Madagaska nilikuwa naisahau kila mwaka."